Ruta ya Nyumba ya Matanga

Vijana wangu, mkinikuta pale Sonatubes, Kigali, nimekaa kwenye kibaraza cha duka nasubiri pikipiki, nisalimieni mpite. Msiniulize kwa nini intaneti ya nyumbani kwenu iko polepole. Nimeulizwa swali hilo na padri, na muuza nyanya, na hata daktari aliyekuwa ananishona kidole, kidole ambacho mimi mwenyewe nilikikata nikimenya waya kwa mtu mwingine aliyeniuliza hilohilo. Nimestaafu. Magoti yamekataa ngazi, na masikio yamekataa neno "polepole".

Lakini binti yangu Keza amenishika shati. Anasema ninyi mnaoanza kazi ya kufunga intaneti majumbani mnafundishwa mashine, hamfundishwi watu. Haya, kaeni. Nitaandika kama yanavyonijia, maana miaka imeshachanganyikana kichwani na sina nguvu ya kuipanga.

Nilikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, nikaja Kigali nikiwa msichana mwenye Kiswahili kingi na Kinyarwanda cha kuombea maji. Aliyenifundisha kazi ni marehemu Bonavantura, mtu mfupi aliyekulia Bujumbura, aliyefunga tai hata akipanda juu ya paa. Siku hizo intaneti ilikuwa sahani kubwa za chuma kwenye mapaa ya ofisi, na upepo ukivuma tunaitwa. Alikuwa na kauli moja aliyotuchosha nayo: "Usilaumu sufuria kabla ya kuhesabu midomo." Yaani kabla hujagusa ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, uliza nyumba ina nani, wanafanya nini, saa ngapi. Sisi tulimcheka. Tulitaka kugusa ruta.

Mwenzetu mmoja, jina silitaji kwa kuwa sasa ni babu wa watu, alitumwa kwenye nyumba moja ya ghorofa kule Nyarutarama. Akakaribishwa chai ya tangawizi, akaiacha mezani, akaenda moja kwa moja kwenye ruta. Badala ya kuizima na kuiwasha, akachokoa kile kitundu cha nyuma kwa pini. Kitundu kile hakizimi ruta, kinaifuta kumbukumbu. Jina la mtandao, nenosiri, mipangilio yote ikaenda na maji. Kumbe mama mwenye nyumba alikuwa chumba cha juu, anafanyiwa usaili wa kazi kwa video na watu wa Ulaya. Akashuka ngazi taratibu, hakupandisha hata sauti, akamwambia, "Maliza chai, kisha uende." Mwenzetu anasema hakuwahi kunywa chai ya moto kiasi kile.

Mambo mengine ni madogo na nitayasema haraka. Ruta haivalishwi. Najua tunapenda vitambaa vya kufuma, redio ina chake, televisheni ina chake, lakini ruta ikifunikwa inapata joto na ikipata joto inachoka kama mimi. Isifungiwe kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Iwekwe juu, katikati ya nyumba. Na kompyuta inayopakua faili kubwa iunganishwe kwa waya, hata kama waya unaharibu sura ya sebule. Mimi nimegombana na akina mama wengi kuhusu huo waya, na sikumbuki kushinda zaidi ya mara chache.

Sasa niwape habari ya Masaka, hii yetu ya pembezoni mwa Kigali, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Shantali, mwanamke niliyewahi kumfungia mtandao kwenye saluni yake, alinipigia simu asubuhi ya Alhamisi. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama Keza, pole kukusumbua. Tuko kwenye ikiriyo huku kwa papa, Masaka. Mama alituacha, tumemuzika juzi. Intaneti ya hapa iko inatambaa, na kuna kitu tunangojea mbere ya Samedi."

Ikiriyo ni matanga, na Jumamosi ndiyo siku waliyopanga kuyaanua, ile siku ya kumaliza kilio ambapo ndugu na majirani wanakusanyika, maneno ya mwisho yanasemwa, watu wanarudi kwenye kazi zao. Nilipanda pikipiki na mkoba wangu wa vifaa, nikimlaani dereva kila shimo.

Nyumba ilikuwa mpya, imezungukwa na migomba na kipande cha maharage. Uani kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, na moto wa kuni ambao katika nyumba yenye kilio hauachwi uzimike. Na pale kwenye nguzo ya baraza, kwa maandishi makubwa ya mkono, palibandikwa karatasi yenye jina la waifai na nenosiri. Nilisimama nikaiangalia karatasi ile. Chini yake waliketi watu wa kila umri, kila mmoja ameinamia simu.

Mzee Laurenti, baba yake Shantali, ndiye aliyeibandika. Alikuja kunipokea mwenyewe, mrefu, mkavu, koti limemzidi.

"Zamani, kule Bujumbura, mgeni wa kilio tulimpa mkeka na kinywaji," aliniambia. "Sasa anauliza pasiwadi. Nikaona, wacha niandike, wasipate haya ya kuuliza."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Nilitaka kumwambia kwamba hapa wageni walikuwa wamekuja kwa wingi na mwenyeji alikuwa hajapona, ila nikaumeza ulimi. Nikamuuliza wanangojea nini.

Akanikalisha. Mke wake, Agnesi, alikuwa mtu wa maneno. Alisalisha jumuiya, alikuwa msemaji kwenye harusi za ukoo mzima, aligombana na wauza mkaa mpaka wakampa gunia la pili kwa bei ya huruma. Kisha kiharusi kikampata kikamkata ulimi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, anakaa barazani, anatazama, hasemi neno. Wajukuu wote walizaliwa katika ukimya huo.

"Wanamlilia nyogokuru, bibi yao, lakini wanamlilia bubu," Mzee alisema. "Mama Keza, mimi sikuoa bubu."

Sauti ya Agnesi ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye video ya jubilei ya ndoa yao, na kanda yake ilikuwa kwa Feliksi, kaka yake Agnesi, huko Ubelgiji. Feliksi alikuwa mgonjwa, anasafishwa damu hospitali kila mara, hakuweza kupanda ndege kumzika dada yake. Alichoweza ni kuipeleka kanda ile kwa fundi igeuzwe faili, kisha kuituma kwa programu ya kushirikishana mafaili aliyowekewa zamani na mpwa wake, kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua. Faili lilikuwa kubwa. Mstari wa kuonyesha limefika wapi, kwenye kompyuta ya Shantali, ulikuwa umesogea kidogo sana tangu siku ya maziko. Kwa mwendo ule sauti ya Agnesi ingefika wakati wa mavuno ya maharage.

Nikaanza kazi. Hapa sikilizeni, kwa sababu hili ni somo.

Kwanza, kompyuta ilikuwa chumbani, kuta mbili kutoka kwenye ruta. Nikaihamishia sebuleni, nikaifunga kwa waya. Shantali hakuubishia waya, na hapo ndipo nilipojua wamekata tamaa kweli. Kukawa na nafuu ndogo.

Pili, nikafungua programu yenyewe. Programu hizi zinapokea kwa mkono mmoja na kugawa kwa mwingine. Binamu zao wa Kampala na Bujumbura nao walikuwa wanaipakua video ileile, na kompyuta ya Masaka ilikuwa inawagawia kila kipande ilichopata bila kujibakizia pumzi. Vijana wengi hawajui kwamba njia ya kutoka ikijaa, hata ya kuingia inaziba, maana kila kipande kinachofika lazima uitikie kwamba umekipokea. Msizime kugawa kabisa, ni uchoyo na wenzenu watakosa. Pimeni uwezo wa njia ya kutoka, kisha iachieni programu sehemu tu ya uwezo huo. Nikafanya hivyo. Mstari ukasogea mbele ya macho yetu, Shantali akashika mdomo.

Tatu, lango. Mume wa Shantali alikuwa ameona video fulani ya mafunzo, akafungua lango kwenye ruta ili kompyuta za nje ziweze kuifikia ya kwao moja kwa moja. Alifuata kila hatua vizuri, na bado haikusaidia kitu. Nikamweleza kwamba ruta yao inatumia laini ya simu, na nyumba nyingi za laini hukaa nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa ua mmoja wenye geti moja ambalo ufunguo anao mwenye nyumba. Ukifungua mlango wa chumba chako, geti bado limefungwa. Dawa ni kwamba upande mmoja tu ukifunguka inatosha. Kwa hiyo tukampigia Feliksi.

Masikini Feliksi. Aliingia chini ya meza na tochi, na mguu unaouma, anisomee maandishi ya mgongo wa ruta yake. Tulichukua muda mrefu. Nilimwelekeza kwa Kiswahili, Shantali akamgeuzia kwa Kifaransa, yeye akajibu kwa Kinyarwanda na kuguna. Mwisho lango likafunguka, na kompyuta mbili zikaonana uso kwa uso, maana kabla ya hapo vipande vyote vilikuwa vinazungukia kwa binamu wa Kampala.

"Sasa usiiguse, mzee wangu," nikamwambia. "Tuonane kesho."

"Yego, sawa. Nitazima sasa hivi nikalale."

"Utazima nini?"

"Kompyuta. Kila jioni nazima. Umeme haulali macho bure."

Niliweka simu mezani nikatazama dari. Tangu siku ya maziko mzee yule alikuwa anatuma sauti ya dada yake mchana, na jioni anaizimia njia, kwa sababu mama yao aliwafundisha kuzima taa kabla ya kulala. Shantali alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu. Tukamsihi aiache iwake. Akakubali kwa shingo upande, akasema tutaulipia umeme huo mbele za Mungu.

Nikaenda nyumbani nimeridhika. Nililala na viatu.

Ijumaa alasiri Shantali akanipigia tena. Mstari umesimama.

Nikarudi. Nikaangalia ukurasa wa ruta unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa, nikakumbuka tai ya Bonavantura na midomo yake ya kuhesabu. Watu walikuwa wametoka kazini na kuja moja kwa moja kilioni, kama desturi inavyotaka, na kila aliyefika alikuwa amesoma karatasi ya nguzo. Wengine wanatuma picha za matanga kwa ndugu walio mbali, wengine wanaangalia mpira kwa siri, kijana mmoja alikuwa anapakua mfumo mpya wa simu yake yote. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaipa kompyuta kipaumbele. Ruta ile ya bei rahisi ilikuwa na kitufe hicho, lakini ilikuwa kama kengele ya mlango isiyo na waya. Unabonyeza, hakuna anayekuja.

Kulibaki jambo moja, kubadili nenosiri. Ni kazi ya dakika. Nikamwendea Mzee.

"Oya, hapana," akasema.

"Mzee, ni mpaka kesho tu. Faili likifika narudisha."

"Mama Keza, nyumba ya kilio haifungwi. Wametoka mbali, wamekaa na mimi siku zote hizi. Nikiwafungia, watasema Laurenti amewachoka."

"Basi uwaombe waache kwa muda."

Akanitazama kama nimemtukana. Na kweli, aliye na msiba hatumi watu, ni watu wanaomtumikia. Mwenye kilio anakaa, anapewa maji, anaambiwa awe na subira. Kusimama na kuwaomba wageni kitu ni kuwageuzia desturi miguu juu. Nilijua hilo. Lakini nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira na ruta, na karatasi ile, na adabu zetu hizi zinazotuua kwa upole, nikamwambia maneno makali kidogo. Nikamwambia, "Kesho watoto hawa watarudi makwao bila kumsikia bibi yao, na wewe utakuwa na sifa ya kuwa na adabu."

Nikatoka uani nikajaribu mwenyewe. Nikasema ndugu zangu, samahani, tunaomba mpunguze matumizi ya mtandao. Wachache waliinua vichwa, wakadhani nauza kitu, wakainama tena.

Ndipo nikasikia kiti kikiburuzwa. Mzee Laurenti alikuwa amesimama mlangoni. Mjane wa kiume hasimami hivyo katikati ya kilio, na kwa sababu hiyo uwanja mzima ulinyamaza kabla hajasema neno.

"Murakoze, asanteni kuja," akasema. "Nina neno. Agnesi iko njiani. Sauti yake. Feliksi ameituma toka Ubelgiji, imefika mpaka hapa kwa geti, lakini sisi tumejaa kwa mlango, haina pa kupita. Nawaomba, mutuachie njia kidogo. Munisamehe."

Na akaketi, amefunika uso kwa kofia yake.

Mama mmoja mnene wa jumuiya akaizima simu yake akaitia kwenye mkoba. Jirani yake akafanya vilevile. Nilikimbia ndani, magoti yangu yakisema yao, nikakaa mbele ya ule ukurasa wa ruta. Majina ya simu yalikuwa yanatoweka moja baada ya jingine, kwa utulivu, kama watu wanaopisha jeneza. Kijana wa mfumo mpya ndiye aliyekuwa wa mwisho. Kisha ikabaki kompyuta peke yake, na mstari ukaanza kwenda.

Nje, watu wasio na simu mikononi hawakuwa na la kufanya ila kuongea. Mama yule mnene akaanza kusimulia siku Agnesi alipomfukuza mshenga aliyekuja kutoa posa akiwa amelewa. Mwingine akadakia na ya muuza mkaa. Kicheko cha kwanza kilisikika, kwa woga, halafu kingine. Mimi nilikaa ndani nalinda mstari, nawasikiliza, na nilimpenda mwanamke ambaye sikuwahi kukutana naye. Jioni haijaingia vizuri, faili lilikuwa limefika lote. Nikamwelekeza Feliksi afunge lango lake, na ninyi pia msisahau hilo, maana lango mliloacha wazi siku ya kazi litapitiwa na mwizi siku ya mapumziko. Kisha nikamruhusu azime kompyuta yake.

Jumamosi nilialikwa. Walikuwa wameitoa televisheni uani, imewekwa juu ya meza, na wajukuu wamekaa chini mbele. Baada ya sala na maneno ya msemaji wa familia, Shantali akabonyeza.

Picha ilikuwa mbovu, ina mistari. Ukumbi, meza za maua, na mwanamke aliyevaa mushanana, vazi la sherehe, la rangi ya dhahabu, ameshika kipaza sauti. Watoto walimtazama kama mtu wa kwenye filamu. Akafungua mdomo, na sauti ilikuwa nene kuliko nilivyotarajia, sauti ya mtu asiyeuliza ruhusa.

"Mbere sijaanza," akasema, akageuza kichwa kwenye meza ya pembeni. "Laurenti, we Laurenti, kaa sawa. Umekunja mugongo kama mugonjwa. Bageni bote banakuangalia."

Ukumbi wa kwenye video ukacheka. Uwanja wa Masaka nao ukacheka, kisha ukaacha ghafla, kwa sababu Mzee Laurenti, kwenye kiti chake cha plastiki, alikuwa ameunyoosha mgongo. Alivuta koti, akaweka mikono magotini, akainua kidevu. Akabaki hivyo. Mimi nililia wazi, sioni haya kuwaambia.

Mjukuu mdogo wa kike, aliyekuwa karibu na miguu yake, akageuka akamwangalia babu yake, akaangalia televisheni, akamwangalia tena.

"Sogokuru," akauliza, "kumbe nyogokuru alikuwa mkali?"

Mzee akajibu bila kutoa macho kwenye picha na bila kulegeza mgongo.

"Sana, mwanangu. Sana."